Agosti Sitaki

Ruiru,
19 Januari 2025

Na jambo ambalo sikumaliza kukueleza leo mchana, Maitu, kwa sababu wageni wa kanisa waliingia na chai ikaanza kugawanywa, ni kwamba kwa safari yetu Agosti sitaki. Nilikuona ukitazama midomo yangu, ukatikisa kichwa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Sasa ninaandika ili usome mpaka mwisho.

Lakini kwanza nikusalimu kama inavyompasa mama mkwe. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na wale kuku wawili uliowatenga, wamepona? Sisi huku ni wazima, na zaidi ya wazima. Tangu harusi ya Novemba bado naamka nikiangalia kidole changu kama pete ipo. Mwanao akivaa ovaroli asubuhi namfuata hadi mwisho wa ngazi, wapangaji wanacheka, nami sijali. Wacha wacheke, wao ngazi wanashuka peke yao.

Barua hii nimeikunja ndani ya kitambaa kinachofunga hotipoti. Githinji akitoka kiwandani saa ya chakula akija kula kwako hapo Kamenu, utaipata pamoja na githeri. Nimemkataza kuisoma. Simu haikufai, masikio yako uliyaacha kwenye mashine za kufuma, na kusoma kwenye kile kioo kidogo hutaki. Basi tuandikiane, na mwanao awe tarishi.

Sasa sababu zangu. Wewe unaijua kazi yangu ya kupanga maua. Februari ni mwezi wa wapendanao, hakuna mtu shambani anayepewa likizo. Machi Waingereza wanawapa mama zao maua. Mei ni zamu ya mama wa nchi nyingine zote. Katikati hapo kuna nafasi moja, Aprili, na msimamizi ameshanikubalia. Githinji naye alibadilishana likizo na Kivuva wa idara yao, na Kivuva ameshaila Desemba yake. Haiwezi kurudishwa.

Na huko Istanbul tunakokwenda, Aprili ndiyo yenyewe. Nimesoma yote, Maitu. Agosti kuna joto na watu wamejaa hadi barabarani. Desemba kuna mvua ya baridi na giza linaingia mapema. Aprili hali ya hewa ni kama ya Limuru siku ikiwa nzuri, na bustani za mji zinajaa maua yanayoitwa tulipu, mekundu na ya manjano, kama vikombe vilivyopangwa kwa harusi. Miaka mitano nimeshika mawaridi yakiwa yamefumba. Nayapanga, nayafunga, yanaingia kwenye maboksi, yanaenda. Ua likifunguka mikononi mwangu linatupwa, kwa sababu halitafika. Nataka mara moja maishani nisimame mahali ambapo maua yamepandwa ili yafunguke, na mume wangu amenishika mkono.

Binti yako,
Wavinya


Kamenu,
21 Januari 2025

Binti yangu Wavinya,

Githeri ilizidi chumvi kidogo lakini tumeimaliza. Goti ni lile lile. Kuku mmoja amepona, yule mwingine tulimla. Nafurahi kusikia mnaamka na furaha. Sisi pia tuliolewa, tulikuwa tunaamka hivyo hivyo, ila hatukushuka ngazi kwa sababu hazikuwepo.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniamuru. Jibu langu ni lile la Jumapili. Agosti ni mwezi mzuri. Huku ni baridi na ukungu, mtu akienda kuota jua la watu wengine nani atamlaumu? Aprili ni mwezi wa mvua ndefu. Mwezi huo mwanamume hakai mbali na kwao. Hata Njau, baba yake Githinji, Mungu amlaze pema, hakuwahi kulala nje mwezi wa Aprili.

Tena sielewi unabishana na nani. Githinji aliniambia wiki iliyopita, akiwa amekaa hapa kwenye kiti cha babake, kwamba Agosti umeichagua wewe mwenyewe. Alisema unaogopa baridi. Sasa nakuuliza, ameoa Wavinya wangapi?

Hotipoti inarudi na ndizi za kupika. Chombo hakitoki kwangu kitupu.

Mama yenu,
Wangeci


Ruiru,
25 Januari 2025

Maitu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na umekaa, kwa sababu nina habari. Sisi ni wazima, ingawa mmoja wetu juzi alikuwa karibu kulala ngazini.

Nilimwekea barua yako kando ya sahani. Akasoma. Akatazama ugali. Akaniuliza kama kuna sukuma nyingine. Nikamwambia, "Githinji, mimi Agosti niliichagua lini?"

Akasema, "Mami alikuwa anakaribia kulia."

"Na mimi uliniambia mama yako ameibariki Aprili. Mimi pia nilikuwa nalia?"

"Wewe ulikuwa unacheka. Sikutaka uache."

Nitamkasirikia vipi mtu kama huyo, Maitu? Nilijaribu. Nilimpa mgongo, mpaka akaanza kuosha vyombo huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kuombea msamaha. Nikashindwa.

Lakini kwa hili sishindwi. Tiketi tumelipa jana. Tunaondoka katikati ya Aprili. Mjomba Gachau amesema Uturuki ni mbali sana kwa Mkamba ambaye hata Mombasa hajafika. Mwambie Mombasa nitafika nikizeeka. Akina mama wa kanisa wameanza kunitazama tumboni, wakiuliza nangoja nini. Nangoja tulipu. Mtoto akija atanikuta nimeziona.

Unasema mwezi wa Aprili mwanamume hakai mbali na kwao. Kwao ni wapi sasa, Maitu? Nilidhani kwao ni hapa, orofa ya tatu, mlango wa bluu, na mimi ndani yake. Kama iko sababu nyingine, niambie, nitaipa heshima yake. Kama ni mvua tu, huku pia inanyesha na hatujawahi kuyeyuka.

Binti yako anayekupenda na asiyebadilisha mwezi,
Wavinya


Kamenu,
28 Januari 2025

Wavinya,

Mimi ni mzima. Githinji ni mzima, mwenyewe unamwona.

Umeniuliza kwao ni wapi. Swali hilo sitalijibu kwa karatasi. Nendeni mnakotaka, mwezi mnaotaka. Usijisumbue kuandika tena.

Wangeci


Ruiru,
9 Machi 2025

Maitu, umenikataza kuandika na mimi ninaandika. U hali gani? Goti? Githinji nikimuuliza anasema "yuko sawa" na macho yanaenda ukutani, kwa hiyo najua hauko sawa. Sisi afya tunayo. Raha ndiyo imepungua.

Hotipoti imerudi tupu tangu mwisho wa Januari. Imeoshwa ikang'aa, na hakuna kitu ndani, hata ndizi moja. Kila jioni naifungua nikitumaini, kisha naifunga. Na ile barua yako ya mwisho uliweka jina lako peke yake chini, kama mtu anayetia sahihi risiti. Nililia, nakuambia ukweli. Kisha nikapanga mawaridi ya wapendanao siku nzima na macho yangu yamevimba.

Jana nilikuja Kamenu kusukwa na Jentrix jirani yako. Usinilaumu, wala usimlaumu yeye. Alikuwa hajui kwamba sijui. Alinishika nywele akasema, "Kwa hivyo mnasafiri Aprili? Na nani atalala kwa mama?"

Nikamuuliza kulala kufanya nini.

Akaniambia yote. Kwamba mwaka ule mtaro wa nyuma ya nyumba uliziba, mvua ikanyesha, majirani wakatoka wakapiga mabati yako kwa mawe, wakapiga dirisha, wakaita, nawe hukusikia. Komeo lilikuwa ndani. Ulipoamka godoro lilikuwa limeshalowa na viatu vyako vinaelea. Kwamba tangu mwaka huo, mvua ndefu zikianza, Githinji huenda kulala kwenye kochi lako, na tone la kwanza likigonga bati yeye anakuwa ameshasimama.

Ndiyo maana Aprili iliyopita tulipokuwa wachumba hakupatikana Ruiru jioni hata siku moja. Mimi nilijua ana mwanamke mwingine. Nilimpeleleza, Maitu. Kumbe mwanamke mwingine ni wewe.

Mlinificha nyote wawili, na nyote wawili nimewakasirikia. Mlidhani nitasema nini? Kwamba uhame? Kwamba nimeolewa na mzigo? Mimi ni mtu wa kukimbia maji?

Sasa nimejua, na bado naenda Aprili. Usingoje nilie niseme basi iwe Agosti. Na pia siendi nikuache umelala peke yako mtaro ukijaa. Yote mawili nayakataa. Ruiru najua hutakuja, ulishasema mama halali kitanda cha mwanawe aliyeoa. Basi nenda kwetu Matuu, kwa mama yangu Syombua. Nyumba iko juu ya kilima, na taabu ya maji kwetu ni kwamba hayapo. Mvua ikinyesha, Syombua wa watu halali. Anakaa mlangoni kama mtu aliyepata wageni. Mtu wa kuamka yupo tayari, Maitu, na huamka bila kuombwa.

Fikiria. Kisha ukubali.

Binti yako, hata kama hotipoti inasema vingine,
Wavinya


Kamenu,
13 Machi 2025

Binti yangu mkaidi,

Salamu zako nimezipata na za Syombua ulizomtumia Githinji aseme kana kwamba ni za kwake. Goti linauma. Nyanya zangu zimeanza kuiva na mbuzi wa jirani amezigundua.

Jentrix mdomo wake hauna komeo. Lakini afadhali.

Nitakuambia kwa nini sikusema. Msichana anayeolewa anataka kupata mama mkwe. Hataki kupata mtu wa kuamshwa kama mtoto wa nasari. Nilitaka unikute nikiwa mama ya Githinji, mwenye jiko lake na neno lake, angalau mwaka mmoja, ndipo ujue mengine. Ulipoandika kwao ni wapi, niliona umeshaniondoa. Sikujua kwamba hukujua. Githinji alikuwa ameniambia ameshaanza kukueleza polepole. Huyo mwanamume polepole yake haifiki.

Sasa Matuu. Kuna shida, nawe unaikumbuka. Siku tuliyopeleka mbuzi wa mahari, mama yako alinipakulia muthokoi mbele ya wazee wote, nami nikasema sili mahindi yaliyochunwa ngozi. Nikatoa mkate kwenye mkoba wangu nikala. Niliona uso wake. Wakati ule nilikuwa najivuna kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba sitasikia bei zikitajwa. Tena mama yako hana meno ya mbele. Kiwandani tulizungumza kwa midomo hata kabla masikio hayajaenda, maana mashine zilikuwa zinalia siku nzima, na mdomo wa mtu yeyote nausoma. Wake siusomi. Tutakaa tukitazamana kama ng'ombe wawili.

Lakini nitaenda. Usiseme umenishinda. Nimechoka na lile kochi kama anavyochoka nalo Githinji, ana miguu mirefu kama babake na inaning'inia. Naenda na jembe langu. Sitakaa huko kama mgeni nikipakuliwa.

Na hizo tulipu uziangalie vizuri, kwa sababu zimetugharimu maneno mengi.

Hotipoti ina mayai. Ibebe wima.

Maitu wako,
Wangeci


Istanbul,
16 Aprili 2025

Maitu wangu,

Natumaini Matuu mmeamka vyema, wewe na Mwaitu mama yangu, na kwamba mnaongea. Barua hii sijui nitaituma vipi, tarishi wetu yuko likizo. Amelala hapa kando yangu na mdomo wazi. Nitakuletea mwenyewe.

Nimeziona. Tulishuka kwenye bustani moja iliyoteremka hadi karibu na maji, na nilipofika langoni nikasimama. Sijui nikuambieje. Nyekundu, manjano, nyeupe, nyingine za zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi, zimepandwa kama mito, zimefunguka zote, na hakuna mtu mwenye mkasi. Hakuna ndoo, hakuna boksi, hakuna mtu wa kupiga kelele kwamba ndege inaondoka. Watu wanapita wanaziangalia tu, kisha wanakula mahindi ya kuchoma, ndiyo, hata huku yapo. Nilichuchumaa nikaangalia ndani ya moja mpaka chini. Githinji akasema, "Umepoteza kitu?" Nikamwambia nimekipata. Akanishika mkono, Maitu, mbele ya Waturuki wote, na hakuuachilia hadi tulipofika kwenye chai.

Ila kuna jambo nataka ulijue wewe peke yako. Leo alfajiri mvua ilinyesha. Ilikuwa nyepesi tu, kwenye kioo cha dirisha. Nilipofumbua macho, mwanao alikuwa ameshasimama katikati ya chumba cha hoteli, orofa ya nne, amevaa kiatu kimoja, anatafuta cha pili. Nikamwita. Akanitazama kama hanijui. Kisha akakumbuka mahali tulipo, akakaa kitandani, akacheka, na cheko lenyewe halikuwa zuri. Akaniambia, "Wavinya, sikumbuki Aprili niliyolala hadi asubuhi."

Nilimvua kile kiatu. Akalala tena, na hadi ninapoandika hapa hajageuka.

Nilikuwa nimeipigania Aprili kwa ajili ya maua. Sasa nasema wazi kwamba hata maua yangekuwa yamekauka yote, ningeipigania tena.

Binti yako,
Wavinya


Matuu,
4 Mei 2025

Binti yangu,

Barua yako ya Uturuki, uliyosema utaniletea mwenyewe, Maluki kaka yako ndiye aliyeileta ndani ya hotipoti, na picha ulizochapisha. Mama yako ameweka moja kwenye kabati la vikombe. Sisi ni wazima. Goti limepona, au limesahau. Sijui ni jua au ni kwa sababu nimepata kitu kingine cha kufikiria.

Nikuambie ya huku. Siku ya kwanza mama yako aliniwekea mkate. Mkate na chai, kwenye sahani nzuri. Yeye akala muthokoi. Jioni mkate. Kesho yake mkate tena, uso umetulia kama maji ya mtungi. Nikajua huyu mwanamke ni hatari. Siku iliyofuata niliingia jikoni mwenyewe, nikafunua sufuria, nikachota muthokoi kwa mwiko, nikala nikiwa nimesimama. Aliponiona alicheka hadi akashika mlango. Tangu hapo midomo yake naisoma yote. Shida haikuwa meno.

Muthokoi ni mtamu. Usimwambie Gachau.

Mvua ilipokuja alinitikisa bega. Nikaruka nikitafuta viatu, hivyo hivyo kama mwanangu huko hotelini. Akanishika mkono akanipeleka mlangoni, akanikalisha kwenye kigoda, akanionyesha kwa kidole. Nikangoja aniambie tufanye nini. Hakukuwa na la kufanya. Ilikuwa inanyesha tu, naye anaitazama. Miaka yote hii, Wavinya, sijawahi kuamshwa ili niangalie.

Jentrix ametuma salamu. Kwangu Kamenu maji hayakuingia mwaka huu hata kidogo. Tumeilinda nyumba hiyo Aprili zote, na Aprili tuliyoiacha ikajilinda.

Sasa nasikia Githinji amepanga gari la kuja kunichukua Jumamosi na vitu vyangu. Mwambie asije. Nimepanda kunde kwa jembe langu mwenyewe, na majani yake ndiyo hayo niliyoweka kwenye hotipoti, Maluki atamwachia langoni mwa kiwanda akienda sokoni. Sirudi mpaka zitoe maganda. Akiuliza kwetu ni wapi, mwambie swali hilo silijibu kwa karatasi.

Mama yako,
Wangeci


Ruiru,
8 Mei 2025

Maitu na Mwaitu, salamu zenu nyote wawili, na natumaini anayesoma anamsomea mwenzake polepole. Sisi ni wazima na tumeshiba kunde.

Githinji aliisoma barua mara tatu. Akasema, "Ati harudi? Na nani atalala huko naye?" Nikamwambia, mama yangu. Akaniuliza, "Na gari nimeshalipanga?" Nikamwambia libebe kuku. Alinuna hadi chakula kilipoiva, na sasa amelala. Huku Ruiru inanyesha, Maitu, bati la jirani linapiga kelele, naye amelala.

Wiki hii nawapanga mama wa dunia nzima. Wa Ujerumani, wa Amerika, wa Australia, wote wanangoja mawaridi yao yamefumba, na mimi nasimama tangu asubuhi hadi miguu inakuwa ya mtu mwingine. Siwezi kutoka sasa. Lakini wiki hii ikipita yatabaki yale yaliyofunguka mapema, ambayo hayasafirishwi. Mwaka huu hayatupwi. Nimemwambia msimamizi nayataka, akasema si utaratibu, nikamwambia autengeneze.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Matuu na ndoo mbili za mawaridi yaliyofunguka, moja yako na moja ya Mwaitu. Hatuji kukuchukua. Githinji nimemkataza kubeba hata kamba. Tunakuja kutembea, tule muthokoi, tulale hapo. Na mvua ikinyesha, niamsheni mimi nije mlangoni kuangalia. Yeye mwacheni alale.

Binti yenu,
Wavinya